Eti Mimi ni Pasta

Leo nimeombea watu chakula na mimi sijaokoka.

Nimewacha sigara juu kifua inaniuma tu. Basi.

Lakini hapa steji yetu ya baiskeli Otonglo, ukiwacha fegi wanasema umeokoka. Sigara ni moja, inazunguka mkono kwa mkono. Siku hizi ikinifikia wananiruka. Hata stori wanakatiza nikikaribia.

Mchana tumeletewa nyoyo, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha, bado moto. Ochi, mwenye tunakaa na yeye benchi moja, akasema, "Pasta, tuombee."

"Omera, ndugu yangu, mimi si pasta."

"Pasta wote huanza hivyo!"

Wakacheka. Halafu wakatoa kofia, wakafunga macho kweli.

Mimi sikufunga.

Fegi ilikuwa inaungua kwa vidole vya Ochi, karibu na goti yangu. Ningevuta kidogo, nani angeona?

Nikasema haraka, "Mungu, bariki nyoyo. Na wasinirukange. Amina."

Hiyo ya pili ilitoka yenyewe, wallahi.

Hakuna mtu alicheka. Ochi akaninyoshea fegi. "Shika basi. Hatukuruki."

Nikashika. Nikapitisha kwa mwenye anafuata, bila kuvuta.

Vidole bado zinanuka. Nyinyi mngefanya aje?