Mabua ya Msanzi

Kijiji cha Msanzi kilimchukia Bertilla, na yeye alizaliwa hapo hapo.

Alisoma kemia mpaka akawa daktari wa fani hiyo. Katika maabara ya chuo kimoja Dar es Salaam alihangaika miaka mingi kugeuza masalia ya shambani kuwa mafuta ya ndege. Wenzake walimkejeli: "Ndege haziruki kwa uji, dada." Akawaachia maabara yao, akarudi Ufipa kwenye mahindi. Pale Chanji, mjini Sumbawanga, akajenga karakana na tanuri la kuchomea mabua bila hewa, mpaka yatoe mafuta mazito meusi ya kusafishwa.

Mabua hayo yalikuwa na wenyewe. Tangu zamani, mavuno yakiisha, wafugaji waliohamia kutoka Usukumani waliingiza ng'ombe mashambani, na wenye mashamba wakabaki na samadi na maziwa. Bertilla alipoanza kununua mabua, ng'ombe wakakonda.

Asubuhi moja alikuta kundi zima limevamia rundo la mabua ya majirani, alilolizungushia uzio kwenye shamba la marehemu baba yake. Mwenye ng'ombe, Yonas, ameegemea fimbo.

"Toa ng'ombe wako!"

"Niwapeleke wapi, wakale mawe?"

"Mabua nimenunua!"

"Umenunua chakula cha ng'ombe ukalishe ndege. Hiyo ndege tutaikamua?"

"Utaongea hayo polisi."

"Polisi aanze na mimi," ilisema sauti nyuma ya rundo. Alikuwa Romani, kaka yake mkubwa, aliyebaki kulima shamba hilo. "Mimi ndiye niliyemfungulia."

"Kaka! Wewe?"

"Mimi. Ulituacha na jembe ukaenda kusoma. Leo unarudi kutunyang'anya hata makapi?"

Akaanza kung'oa uzio, mti mmoja baada ya mwingine, huku akimtazama usoni.

Bertilla alilia akiwa ndani ya gari, kisha machozi yakageuka hasira. Hakukanyaga tena shambani. Akahamia kwenye magunzi, yaliyotupwa kwa malundo penye mashine za kupukuchua mahindi mjini. Hakufanya hivyo kwa kuwahurumia ng'ombe wa mtu. Alitaka tu asiwahitaji watu wa Msanzi.

Mafuta ya kwanza ya magunzi yaliganda kwenye jokofu kama mafuta ya nguruwe, na mafuta ya ndege hayatakiwi kuganda hata kwenye baridi kali ya angani. Akayapika upya, akabadili kichocheo, akakosea, akarudia. Mwishowe yakapita vipimo vyote, meupe kama maji. Waliomkejeli wakampigia simu za pongezi. Hakupokea hata moja.

Pasaka, mama yao, Tereza, aliwashika wote wawili mikono nje ya kanisa.

"Msalimie kaka yako."

"Shikamoo, kaka."

Romani alijinasua, akavaa kofia, akaondoka bila kuitikia.

"Umeridhika, mama?" Bertilla akauliza, akaelekea kwenye gari lake.