Mwaka Niliohesabu Sheria

Bwana Disii, yule mkuu wa wilaya, aliyekuja Kwale mwaka ule alikuwa mtu wa orodha. Kabla hajamaliza mwezi alikwisha kuagiza orodha ya visima, orodha ya mbwa na orodha ya misikiti yenye mabati. Kisha ikaja barua kwa mudiri wetu wa Msambweni, ikitaka kujua watu wa sehemu hii wanafuata sheria ngapi, kila moja iandikwe kwa ufupi na kupewa nambari, na jumla ionyeshwe chini. Mudiri aliisoma mara mbili, akacheka kidogo puani, akanisukumia. Mimi ndiye niliyekuwa karani wake. Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa na kalamu mbili za wino, kanzu isiyokosa pasi, na majivuno ya kuwatosha watu watatu. Nikamwambia Alhamisi itakuwa tayari.

Nilianza na kabati. Ndani mlikuwamo vitabu vya sheria za serikali, vizito vya kubebwa kwa mikono miwili, nami nilidhani kazi ni kufungua ukurasa wa yaliyomo na kuhesabu. Siku ya kwanza nilikwenda vizuri. Siku ya pili nikakuta sheria yenye nambari yake, jina lake na tarehe yake, ambayo kazi yake yote ilikuwa kubadilisha neno moja katika sheria nyingine. Je, hiyo ni sheria au ni kiraka? Nikaitoa. Mbele kidogo nikakuta iliyofutwa zamani, lakini nambari yake imeachwa pale pale, kama mahali pa mtu aliyekwenda Hija. Nyingine ilikuwa moja kwa jina, ila chini yake zimezaliwa kanuni za mizani ya sokoni, kanuni za baiskeli, kanuni za kuchinja. Nikihesabu mama peke yake nadanganya, nikihesabu na watoto sifiki Alhamisi. Zilikuwamo pia za majosho ya ng'ombe, ambazo mtu wa Kinango anazijua kwa kichwa na mtu wa Diani hajapata kuzisikia. Nilianza upya mara nne, na kila mara nilipata jumla nyingine. Hasira zangu hazijawahi kukaa mbali, na wiki ile nilimgombeza hata tarishi kwa kosa la kukohoa.

Mudiri alipoona hivyo aliniambia kwa upole kwamba Bwana Disii hakuuliza sheria zilizo kabatini, ameuliza zile watu wanazozifuata. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa.

Siku hiyo hiyo alikuwapo afisini mvuvi mmoja wa Mkwiro, amekuja kwa shughuli zake. Nikamuuliza, kwa kumjaribu tu, kwao wana sheria gani za bahari. Akasema ukikuta dema la mwenzako, lile la kutegea samaki, limechukuliwa na maji, unamrudishia mwenyewe pamoja na samaki waliomo, isipokuwa mmoja, huyo ni wako. Nikaandika. Nikamuuliza kama mtu hakumchukua yule mmoja. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa swali la aibu, akasema huyo atakuwa amemtukana mwenye dema, amemfanya mtu asiyejua kushukuru. Basi nikabaki na kalamu hewani. Kurudisha ni sheria, kuchukua mmoja ni haki, na kutomchukua ni kosa. Ni moja hiyo au ni tatu? Mvuvi alisema kwao hawajapata kuihesabu, wanarudisha tu.

Nikaona kumbe kila mtu aliyepita mlangoni pale alikuwa na sheria kumi mdomoni na hajui. Mtu wa bara alinieleza zamu ya kunywesha mifugo penye lambo wakati wa kiangazi. Mwanamke muuza vyungu alinieleza nani hukaa upande gani wa soko, na kwa nini. Pwani yetu nayo ilikuwa ya Sultani kwa bendera na ya Mwingereza kwa afisi, na katikati yake Mungu ana zake, ambazo hazitaki nambari. Alhamisi ikapita. Mudiri hakunikumbusha, na hilo liliniuma kuliko kama angenikaripia.

Mwishowe nikafika kwenye mirathi.

Hapa lazima nieleze hali yangu. Mama yangu alifariki mimi mdogo, na aliyenilea ni mjomba wangu wa Bongwe. Alikuwa na binti mmoja tu, aliyenizidi miaka kumi. Binti huyo ndiye aliyeniogesha, ndiye aliyenichapa nilipotoroka chuo cha Kurani, na ndiye aliyenificha baba yake aliponitafuta kunichapa zaidi. Nilimwita dada. Aliolewa, akaachwa, akarudi kwa baba yake, na miezi hiyo ninayoisimulia ndiye aliyekuwa akimuuguza. Mjomba alikuwa na minazi, mingi na mizuri, ya kutoa mbata mwaka mzima.

Nilimuuliza kadhi kuhusu mirathi. Akanijibu kwamba sheria ni moja, haina shaka, imo katika Kitabu: binti wa pekee hupata nusu, kilichobaki huenda kwa jamaa wa upande wa baba yake, na mtoto wa dada hana fungu. Nikawauliza wazee wa ngambi, lile baraza la wazee wetu wa Kidigo. Wao pia wakanijibu kwamba sheria ni moja, haina shaka, nayo ni ya tangu mababu: minazi ya mtu huenda kwa mtoto wa dada yake. Wazee hao walikuwa wametoka kuswali msikiti mmoja na kadhi. Hakuna aliyeona ajabu.

Nilikuwa na "sheria moja" mbili. Nikiandika mbili, Kwale watauliza inakuwaje. Nikiandika moja, lazima nichague. Mjomba alikuwa hawezi hata kukaa kitako. Sikujiambia neno lolote, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kujisemea sana, kunyamaza huko nakukumbuka vizuri. Nilichovya kalamu nikaandika: Mirathi, sheria moja, mali huenda kwa mpwa. Nikaipa nambari, nikakausha wino.

Mjomba alifariki wiki mbili baadaye. Nililia, na kilio kilikuwa cha kweli.

Siku ya arobaini, baada ya hitima na swala ya alasiri, wazee walibaki barazani kuzungumza habari ya minazi. Dada yangu alikuwa ndani pamoja na wanawake, pazia tu baina yao na sisi. Mwalimu wa msikiti alisema marehemu alikuwa Mwislamu, aswali, afunga, basi arithiwe Kiislamu. Mzee wa ngambi alisema marehemu mwenyewe aliipata minazi ile kwa mjomba wake, wala hakuna aliyemwita kafiri. Wakavutana hivyo kwa adabu, kila mmoja akimwombea mwenzake rehema kabla ya kumpinga, mpaka mmoja wao akanigeukia. Akasema huyu ni mtu wa afisi, sheria zote za nchi amezihesabu yeye, atuambie serikali inajua ipi.

Nakala safi ya orodha, niliyokuwa nimeimaliza wiki ile, nilikuwa nayo mfukoni. Ilikuwa na mhuri wa afisi, kwa kuwa kila karatasi niliyoiandika niliipiga mhuri, hata zisizohitaji. Ningeweza kusema kwamba maneno yale ni yangu, kwamba niliwauliza wao wenyewe nikaandika walichoniambia, na kwamba kadhi alisema lingine. Niliikunjua, nikasoma nambari, nikasoma maneno, nikawapa waitazame. Ilizunguka mkononi kwa kila mtu. Wengi hawakujua kusoma hati za Kizungu, lakini mhuri waliusoma wote. Mwalimu wa msikiti aliishika muda mrefu kuliko wengine. Kisha akanirudishia, akasema kama serikali imekwisha kuandika, yeye ni nani.

Jumatatu asubuhi tarishi aliondoka na orodha kwenda Kwale kwa baiskeli, na jumla ikiwa imepigiwa mistari miwili chini. Adhuhuri ilikaribia, mudiri yupo mezani kwake, nami kwangu, mara nikasikia hodi. Alikuwa dada yangu. Alikuja na lori la mbata kutoka Bongwe, buibui limejaa vumbi, amevua viatu nje ya mlango, jambo ambalo hakuna aliyelifanya katika afisi ile. Maisha yangu yote, nilipokutana naye, mimi ndiye niliyemwamkia. Siku hiyo alinitangulia, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

Nilidhani ananifanyia mzaha, maana utani aliujua. Nikamtazama usoni, nikaona hakuna mzaha.

"Dada, mbona waniamkia hivyo?"

"Wazee wameniambia wewe ndiwe uliyeingia mahali pa marehemu. Nimekuja kuomba ruhusa. Nikae nyumba ile, au nitoke?"

Nilikuwa naijua desturi hiyo, ningewezaje kutoijua? Mpwa anayechukua minazi ya mjomba wake huchukua na watu wake. Watoto wa marehemu wanakuwa wanawe, awalishe, awasitiri, awaoze, na wao wamheshimu kama baba. Wazee waliponieleza sheria yao walinieleza yote, na mimi niliandika nusu, ile yenye minazi. Sasa nusu ya pili ilikuwa imesimama mbele yangu bila viatu. Nikiendelea kumwita dada, ninakiri kwamba karatasi ile ilikuwa uongo na minazi si yangu. Nikimwitikia kama baba, basi aliyeniogesha nimemgeuza mtoto wangu.

Mudiri alikuwa ameacha kuandika. Barua ya kusahihisha ingenichukua mistari mitatu tu, na tarishi alikuwa bado yuko njiani.

Nikaitikia, "Marahaba." Nikamwambia akae nyumba ile, ni yake. Akashukuru, akavaa viatu vyake, akaenda kungojea lori chini ya jua kali.

Barua ya kusahihisha sikuiandika siku ile wala nyingine. Nimeona haya kwa jambo hilo tangu nikiwa kijana, na uzee haukuipunguza haya hiyo. Minazi niliivuna miaka mingi. Kila Ijumaa nilikwenda Bongwe na unga, sukari na nguo za sikukuu, sikukosa hata mara moja, na kila nilipopiga hodi yeye ndiye aliyewahi kuniamkia kabla sijafungua mdomo. Mpaka alipofariki hakuniita tena ndugu yake. Na mimi, katika nyumba iliyonilea, sikuwa tena na mtu wa kumpa shikamoo.