Daftari la Kinywa cha Mama Kabedi

Nianze na aibu yangu, maana nisipoanza mwenyewe watu wa Kindu watanianzia. Mimi, Bulaimu, ndiye niliyemnyang'anya Mama Kabedi daftari lake. Ulikuwa mwaka 1978, vita vya Shaba, jimbo la kusini mwetu, vilikuwa vimetutia wazimu, na kila mtaa ulikuwa na kijana wa chama tawala aliyetumwa kutafuta wapelelezi. Mtaani kwetu kijana huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa na beji kifuani na akili kiduchu kichwani.

Mama Kabedi alikuwa Mluba wa Kasai, mke wa Mpoyi, mkaguzi wa njia ya reli. Mpoyi alitembea kilomita zake kwa miguu, nyundo begani, akigonga misumari na kuandika alichokiona: msalaba kwa msumari uliolegea, duara kwa taruma lililooza. Kila juma alirudi palepale penye duara kuona kama pametengenezwa.

Mkewe hakuwa na reli, alikuwa na kinywa. Tangu kabla nchi haijaitwa Zaire, mashavu yake kwa ndani yalifanya utando mweupe, mistari myembamba iliyosukana kama chandarua, na nyama chini yake ikawaka moto. Pilipili akaiacha. Ndimu akaiacha. Sombe, kisamvu chetu, aliisubiri mpaka ipoe kabisa. Mwanamke asiyekula pilipili, na ni Kindu hapa! Majirani walisema amerogwa na mke mwenza, mke mwenza ambaye hakuwahi kuwa naye.

Isidore, muuguzi wa zahanati, alimwambia ukweli bila kuupaka asali. (Jina lake la ubatizo lilikuja kupigwa marufuku na serikali pamoja na majina yote ya Kizungu, lakini wagonjwa hatukujua kumwita vingine.)

"Mama, hii haina dawa ya kuimaliza," alisema. "Haiambukize, na si bulozi. Kwa bantu mia, labda mumoja itamugeukia kansa. Siwezi kujua kama ni wewe. Uangalie tu. Kama kidonda inakaa juma mbili bila kupona, ao fasi inakuwa ngumu, ukuje mbio."

Mwingine angelia, au angesahau. Mama Kabedi alinunua daftari la miraba. Kila Jumapili baada ya misa aliketi mlangoni na kioo cha kunyolea cha mumewe, akachora utando wake: shavu la kushoto, shavu la kulia, kando ya ulimi, na tarehe juu. Alama alizotumia ni za Mpoyi, kwa kuwa ndizo alizozijua. Msalaba panapouma, duara penye kidonda. Jumapili ya pili alirudi kwenye duara lake. Kila mara alikuta pamepona. Alifanya hivyo miaka kumi na moja, na hakuna aliyemlipa wala kumsifu.

Sasa nifikirie mimi na beji yangu, nimeingia kupekua, nakuta kurasa na kurasa za mistari, misalaba, tarehe, "kushoto", "kulia", na hayo yote ndani ya nyumba ya mtu wa reli. Nilijiona nimekamata jeshi zima.

"Hii ni nini?"

"Njo kinywa yangu," alijibu.

Nilicheka kwa sauti. Nani amewahi kusikia mtu anachora kinywa chake?

"Bulaimu, mutoto wangu," akasema, "beba hata sufuria. Daftari uniachie. Juma hii kuko duara moja."

Sikumsikiliza. Nililibeba mpaka ofisini kwa Kalume, mkubwa wa chama mtaani, nikalisukuma mezani kama mtu aliyeleta pembe ya ndovu.

Lilikaa humo wiki tatu. Kila asubuhi Mama Kabedi alikuja kunitafuta, na hakunitukana hata mara moja. Aliniuliza tu: "Ile duara, mutoto wangu. Ilikuwa kubwa namna gani? Niko nasahau." Kinywa kinachouma kila siku hakikumbuki maumivu ya juzi, na bila daftari hakujua kama ni kidonda kilekile cha kumpelekea Isidore au ni kingine kipya. Mimi nilianza kupitia nyuma ya nyumba nisikutane naye. Mjinga nilikuwa, na mwoga juu yake.

Hatimaye Kalume akamwita. Alikuwa mtu mkali, asiyemwinukia mwanamke kitini.

"Mama, hii reli ni ya wapi?"

Mama Kabedi aliomba mlango ufunguliwe mwanga uingie. Akasimama juani, akafungua kinywa, akavuta shavu kwa kidole.

Kalume alitaka kufoka. Kisha akachungulia. Akatazama daftari, akachungulia tena. Nikasogea nami nione. Mstari kwa mstari, ulikuwa utando uleule! Pale ulipogawanyika kinywani, uligawanyika kwenye karatasi. Kijipete kidogo nyuma ya gego kilikuwepo, na msalaba wake kando. Nimeona ramani za Wabelgiji ukutani kwa gavana, zimechorwa na watu waliosomea Ulaya. Hakuna iliyonitisha kama ile. Mwanamke huyu alikuwa ameitembea nyama yake mwenyewe miaka yote hiyo, peke yake, bila kuruka hatua.

Lakini Kalume alikuwa bado anatafuta uongo. Alifuata mistari kwa kidole, polepole, jinsi alivyosoma orodha za wanachama. Kando ya ulimi akasimama.

"Hapa umedanganya. Kwa daftari hii duara iko kidogo sawa mbegu ya lengalenga. Kwa kinywa iko sawa haragi, tena nyekundu, na ukingo wake umeinuka."

Mama Kabedi akafunga kinywa. Akalivuta daftari, akasoma tarehe.

"Sikudanganya, Mukubwa," akasema. "Ile njo ya juma tatu zilizopita. Basi imegeuka."

Kalume akainuka. Akamsogezea kiti chake mwenyewe.

Isidore alipapasa kwa kidole, akakuta pagumu. Kalume alirudisha daftari, akaandika ruhusa ya safari kwa mkono wake, na Mpoyi akampandisha mkewe treni ya kwenda Lubumbashi. Alirudi baada ya miezi minne, kipande cha ulimi kimekatwa, maneno yakimtoka mazito. Daktari alikuwa amelipitia daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, akasema uvimbe umewahiwa mapema. Mapema! Katika hiyo mapema yake mimi nilikula wiki tatu, na hakuna siku ambayo sizikumbuki.

Jumapili aliyorudi nilikwenda kuomba msamaha. Nilimkuta mlangoni na kioo chake. Nikasimama mbele yake. Kabla sijasema neno, akaninyooshea kalamu.

"Macho yangu imechoka," alisema. "Na wewe unapenda kupekua bantu. Ikala. Chora."

Nilikaa, nikachora. Mstari wa kwanza akanifutisha mara mbili. Nilirudi Jumapili iliyofuata, na nyingine, miaka sita mizima, mpaka malaria ilipomchukua mwaka 1985. Daftari ninalo mimi. Kwenye ukurasa wa mwisho utando upo wote, pande zote mbili, na kovu kando ya ulimi. Duara hakuna hata moja. Nilikipekua kinywa chake chote kwa macho yangu kabla ya kuandika tarehe.