Kifua cha Mdogo Mtu

Shoka ndiye aliyemfundisha mdogo wake kunyanyua chuma, na alikuja kulijutia jambo hilo kila alipomwona amevua shati.

Jina la Shoka alilipata buchani. Alikuwa na mkono wa kupasua mfupa wa paja kwa pigo moja, kipande kikatoka kisafi, mteja asiokote vichengachenga mchuzini. Robo ya ng'ombe aliibeba begani kutoka kwenye gari mpaka kwenye kulabu bila kutweta. Jioni, wenzake wakitafuta mahali pa kunyoosha miguu, yeye alikwenda jimu. Jimu yenyewe ilikuwa gereji iliyokufa. Vyuma vichache vilinunuliwa, vingine vilikuwa gia za malori, na vile vya wanaoanza vilikuwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba. Ukutani palikuwa na kioo kirefu chenye ufa, na mbele ya kioo hicho Shoka alitawala miaka mingi. Umbo la kupigwa picha hakuwa nalo. Alikuwa na mgongo mpana, kitambi cha adabu, na nguvu za kweli. Kocha aliwaambia wageni, "Mkitaka kujua kazi, mtazameni yule."

Mdogo wake, wa baba mmoja mama mmoja, aliitwa Njiti tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Alikuwa fundi friji. Shoka alimpeleka jimu kwa huruma, ile huruma tamu ya mtu anayejua kwamba hatapitwa. Alisimama nyuma ya benchi, viganja chini ya chuma, akisema, "Sukuma, mdogo wangu. Usiogope, nipo." Njiti alisukuma mpaka macho yakamtoka, na alipozidiwa Shoka alikidaka chuma na kukirudisha mahali pake kwa mkono mmoja, taratibu, ili wote waone. Siku zile walipendana sana.

Kwa muda mrefu Njiti alibaki Njiti. Kisha, miezi michache kabla ya kuoa, akaanza kuota kama muhogo ulionyeshewa mvua. Mabega yalitangulia, shingo ikafuata, na kifua kikajitokeza kana kwamba kina safari yake. Fundi cherehani alimpima suti ya harusi, na siku ya harusi suti haikufunga. Watu wakacheka, bibi harusi akacheka, na Shoka naye akacheka, ila chake kilikuwa kicheko cha kulazimishwa. Alikuwa anajiuliza yeye anakula nini kisichofaa.

Tuseme ukweli: wivu wa ndugu ni mbaya kuliko wa jirani, kwa sababu jirani hamli sahani moja. Watoto wa Shoka, wanne, walipomwona baba yao mdogo walimkimbilia na kuning'inia mikononi mwake, wawili huku, wawili kule. Mkewe, akikunja nguo, alisema bila nia mbaya, "Shemeji siku hizi amekaa sawa."

"Kwani zamani alikuwa amekaa upande?" Shoka akauliza. Mkewe akamwangalia, akaendelea kukunja.

La mama yao ndilo lililomtia donge lisilomezeka. Shoka aliposhiriki mashindano ya kutunisha misuli enzi zake, mama alikataa katakata kwenda. Alisema hawezi kuketi kutazama watu wazima wamesimama na chupi. Njiti aliposhiriki, mama alikwenda. Alikaa mstari wa mbele katika ule ukumbi wa shule, na mwanawe alipotangazwa mshindi alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Kikombe alikiweka juu ya kabati, na ili kipate nafasi aliisogeza picha ya harusi ya Shoka nyuma ya redio.

Siri ilijitokeza buchani. Friza la Shoka lilikuwa limesumbua, Njiti akalitengeneza, na tangu hapo akawa anapita mara kwa mara, eti kuangalia gesi. Asubuhi moja Shoka alikuwa anachimbua maini chini kabisa, mkono ukagusa soksi. Ndani ya soksi kulikuwa na mabomba ya sindano na kichupa kidogo. Kichupa kilikuwa na picha ya ng'ombe dume, na dawa iliyokuwamo ilikuwa imeganda, nyeupe kama mafuta ya figo.

Shoka alicheka peke yake mpaka mteja akamwuliza kuna nini. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahi namna ile. Kumbe lile pambo la ukoo lilikuwa la kudunga. Alimwita Njiti, akamwekea soksi juu ya gogo la kukatia nyama.

Njiti alisawijika. "Nyumbani mke wangu angeiona," alisema. "Halafu nilidhani dawa zote hukaa kwenye baridi."

Fundi friji huyo. Kwake hakuna kitu duniani kisichohitaji friji.

"Unajidunga dawa ya ng'ombe? Ng'ombe wenyewe si nawauza mimi?"

"Kaka, nakuomba. Usimwambie mtu. Mama akijua, nimekwisha."

Shoka aliahidi. Angetaka kutangaza kwa kipaza sauti, lakini alipiga hesabu nyingine. Siku chache baadaye alikwenda mwenyewe kwa yule aliyekuwa akimuuzia Njiti, muuza dawa za mifugo ambaye watu walimwita Daktari ingawa aliyewahi kumtibu kwa karibu ni kuku. Alikuwa amechoka kupitwa. Kama kifua kinauzwa, naye alitaka chake.

Daktari alimpima kwa macho juu ya magunia ya chakula cha kuku. "Wewe mtu mzima, kwa hiyo nikuulize kwanza. Una watoto?"

"Wanne."

"Umemaliza?"

"Kwani inahusu nini?"

"Hii inakausha mbegu za kiume. Mtu atajaa kama ukuta na mkewe asipate mimba. Akiacha mapema, mara nyingi hurudi. Akichelewa, hapo mimi sijui."

"Na wateja wako wote unawaambia?"

"Anayeuliza namwambia. Hawa vijana hawaulizi, wanataka kifua kabla ya Jumamosi."

Shoka hakununua. Alirudi nyumbani kwa miguu, akiimba chinichini, yeye ambaye haimbi hata kanisani. Njiti na mkewe walikuwa wanaingia mwaka wa tatu wa ndoa, na nyumba yao ilikuwa kimya. Shoka alikuwa na wanne. Hapo aliona kwamba kuna mizani ambayo mdogo wake hawezi kumshinda, na roho yake, tusimpambe, ilicheka.

Kilichofuata hakikuwa cha kuchekesha. Mke wa Njiti alikuwa msusi, mwanamke mpole mwenye vidole vya haraka, aliyesukia wateja kibarazani kwake. Mama mkwe alianza kumtupia maneno. Mara amuulize kama tumbo lake limefungwa kufuli, mara asifie mimba ya jirani akimtazama yeye. Akampeleka kwa mganga wa mitishamba, akanyweshwa dawa chungu iliyomfanya atapike mpaka akashindwa kusuka. Akaenda hospitali, akapimwa vipimo vya kuumiza, akaambiwa hana tatizo, amlete mume. Njiti alikunja mkono, msuli ukapanda. "Mwili wote huu," alisema, "tatizo langu litakuwa wapi?"

Yote haya Shoka aliyasikia kwa mkewe wakati wa kula, akatafuna. Sentensi moja ingetosha. Kila asubuhi, akinoa visu, aliamua kwamba leo atamwambia mdogo wake. Kila jioni alifika jimu, akamkuta Njiti mbele ya kile kioo na vijana wamemzunguka, na Kocha akiwaambia wageni, "Mkitaka kujua kazi, mtazameni yule." Na ile sentensi ikarudi tumboni ilikotoka. Acha aumie kidogo, aliwaza. Acha naye akose kitu.

Kwamba aliyekuwa anakosa ni mtoto wa watu, aliyekuja kwao na sanduku lake na heshima zake, hilo alilijua pia. Alilisukuma kando, kama mtu anavyosukuma mfupa ukingoni mwa sahani.

Mara shemeji mwenyewe akaja buchani. Alikuwa amekonda. Alisubiri wateja waishe, akaomba nusu kilo, kisha akasema akiangalia mizani, "Shemeji, mama ameitisha kikao Jumapili. Najua ni cha kunirudisha kwetu. Wewe ndiye umekaa mahali pa marehemu baba. Wakikuuliza, nisemee."

Shoka aliongeza kipande kizuri cha mnofu juu ya nusu kilo yake. "Usijali, shemeji," alisema. Nyama ilikuwa rahisi kuongeza kuliko neno.

Jumapili mchana walikaa sebuleni kwa mama: mama mwenyewe, Shoka na mkewe, Njiti na mkewe, na mjomba wao mmoja ambaye hakosi kikao chenye soda. Kikombe kilikuwa juu ya kabati, kimefutwa vumbi. Mama alianza bila kuzunguka.

"Mficha uchi hazai, kwa hiyo leo tusifichane. Mkwe wangu simchukii. Lakini tumehangaika naye vya kutosha. Akapumzike kwao, na mwanangu atafute pengine." Akamgeukia Shoka. "Wewe ndiye mkubwa. Sema."

Msusi alikuwa ameinamisha kichwa, ila masikio yake yote yalikuwa kwa Shoka.

Shoka alikuwa ameandaa maneno ya uvuguvugu: kwamba haraka haina baraka, kwamba wapewe muda. Maneno ya namna hiyo hayamwokoi mtu wala hayamshtaki mtu. Alikohoa ayatoe, lakini mama alikuwa hajamaliza.

"Mbegu ya mwanamume kama huyu isipotee bure," alisema, akimpapasa Njiti bega. "Nataka nipakate mjukuu kabla sijafa."

"Una wajukuu wanne, mama," Shoka akasema.

"Nimesema wa kutoka kwa huyu. Wale wako wapo tu."

Wapo tu. Mke wa Shoka alishusha macho. Shoka akahisi damu inampanda mpaka kwenye masikio. Alichokisema baada ya hapo hakukisema kwa ajili ya haki wala kwa ajili ya shemeji yake, na yeye mwenyewe alijua.

"Mbegu gani, mama? Mwanao amezikausha mwenyewe. Anajidunga dawa ya ng'ombe. Huo mwili mnaousifia ni wa sindano, na anayemuuzia kaniambia kwa mdomo wake kwamba dawa hiyo inaua mbegu. Huyu binti hana kosa lolote. Mmemnywesha mitishamba bure."

Mjomba aliweka soda yake mezani. Mama alimtazama Njiti akisubiri akanushe.

Njiti hakukanusha. Alikuwa anaitazama mikono yake minene iliyolala mapajani. "Inaua mbegu?" aliuliza polepole. "Mimi sikuambiwa." Na kwa namna alivyouliza, kila mtu aliamini.

Mkewe hakulia. Aliinua kichwa, na hakumwangalia mumewe; alimwangalia Shoka. "Shemeji," alisema, "wewe umejua lini?"

Swali lilikuwa dogo na adabu yake ilikuwa kamili. Shoka aliiona ile mitishamba, aliviona vile vipimo, alijiona mwenyewe akitafuna. Mke wake mwenyewe alikuwa ameanza kumgeuzia shingo. Kando yake Njiti naye aliinua macho, na Shoka akaona mdogo wake anapiga hesabu: soksi, buchani, zile jioni zote za jimu walizosimama bega kwa bega. Akaona hesabu inakamilika. Ndugu wale wawili walitazamana, na Shoka akajiandaa kuvuliwa nguo mbele ya mama yake.

"Jana," Njiti akasema. "Nilimweleza jana, akaenda kuuliza. Nikamwomba anisemee, mwenyewe niliona haya."

Shoka angeweza kusema hapana.

"Ahsante, shemeji," msusi akasema, na sasa ndipo machozi yakamtoka. "Mungu akuzidishie. Nilijua utanisemea."

Mama alikuwa amejifunika uso kwa khanga. Njiti alisimama, akamwambia mkewe mbele yao wote, "Nisamehe. Kesho tunakwenda hospitali, mimi na wewe. Na dawa naacha leo." Akamshika mkono wakatoka. Mlangoni alipita karibu na kaka yake, akasema kwa sauti ambayo wengine hawakuisikia, "Ungeniambia mimi, Kaka." Hakusema kwa hasira.

Mkewe Shoka alimgusa goti. "Leo umefanya utu uzima," alimnong'oneza. Mjomba akakubali kwa kichwa, akachukua tena soda yake.

Shoka aliwatazama kupitia dirishani wakiteremka barabarani, yule mwanamume mwenye shati linalombana na yule mwanamke anayefuta macho, wakitembea taratibu kama watu wasio na pa kuwahi. Alimwonea wivu mdogo wake kuliko siku yoyote ile, na safari hii hakuwa na la kumshtakia.