Swala Kumi na Tisa na Wataalamu Wao

Mlinzi wa hifadhi, mama wa makamo ambaye wenzake walimwita Bi Darubini kwa sababu darubini haikumtoka shingoni, aliwatunza swala wa bondeni miaka ishirini na miwili. Walibaki kumi na tisa, na wote ni damu moja: mjomba kwa mpwa, kaka kwa dada. Ndama walizaliwa taya limepinda, wakashindwa kunyonya, wakamfia mikononi.

Ng'ambo ya uzio walijaa swala wengine wenye afya, sura zile zile, ila tu hawakuwa na doa jeupe shingoni kama wa bondeni.

"Mkubwa, tuleteeni dume mmoja kutoka ng'ambo," alimwomba mkuu wa hifadhi.

"Mama, unataka kuniharibia kazi? Hawa ni spishi ya pekee duniani! Wakichanganyika watazaa chotara, na sheria haimtambui chotara."

"Swala mfu je, inamtambua?"

Mkuu akajifanya anatafuta kalamu.

Mwaka uliofuata wataalamu walikaa kikao siku tatu. Wakapima damu, wakapima pembe, wakabishana hadi sauti zikawakauka, kisha wakatangaza: si spishi ya pekee, ni swala wa kawaida waliojitenga. Bi Darubini akapiga vigelegele pale pale ukumbini. Kumbe kashangilia mapema. Barua ilipofika ilisema dume sasa ruksa. Ila, kwa kuwa swala ni wa kawaida, ulinzi wao umefutwa, gari la kumbeba dume limepelekwa kwenye mradi wa kobe, na yeye ahamie lango kuu akakate tiketi.

Aliisoma mara mbili, akamgeukia mumewe, fundi baiskeli. "Mzee, chukua koleo."

"Twende wapi asubuhi yote hii?"

"Kazini. Kabla sijahama."

Wakakata uzio hatua kumi, mzee akinung'unika kwamba wake wa wenzake hustaafu kwa amani. Wiki ya pili dume akaingia mwenyewe, bila gari wala kibali.

Msimu wa mvua walizaliwa ndama saba, taya zimenyooka, wengine na doa, wengine bila. Wataalamu wakaja mbio na kuunda kamati ya kuamua waitweje.

Mkuu akamvuta Bi Darubini pembeni. "Nani kakata uzio?"

"Mimi. Niandikie barua."

Mkuu akawatazama ndama wakinyonya kwa fujo, akachomoa kalamu.

"Nitaandika uzio ulianguka kwa uchakavu," alisema.