Kaptura Iliyobaki kwenye Leso

Mwezi uliopita nilikuwa natoka Isinya, nikashuka Kitengela kuitafuta ploti tuliyokulia. Nikapata ghorofa na geti jeusi, na mlinzi akaniuliza naenda kwa nani. Nilibaki kando ya barabara nikicheka peke yangu, kwa sababu hapo alipoweka kiti chake ndipo ndugu yangu mdogo alipotutesa hadi nyanya akataka kurudi Kakamega.

Unamjua mtoto anayekataa chakula? Huyu wetu uji wa wimbi aliutema. Malenge alijipaka masikioni. Ndizi ya kupondwa aliiweka mdomoni kwa subira, akangoja mama ageuke, kisha akaiachilia iteleze kifuani polepole. Baba, aliyerudi kutoka kazini Nairobi akiwa amechoka, aligeuza kijiko kuwa ndege. Ndege ikazunguka meza yote ikakosa pa kutua. Mimi nilikuwa darasa la tatu na nilifaidika sana, maana kilichobaki kwenye bakuli kilikuwa changu.

Mama akakonda kwa wasiwasi, akamwita nyanya. Nyanya akaja na unga wake mwenyewe. "Mtoto hajakataa chakula," alisema, "amekataa hiki chenu." Siku hiyohiyo mtoto akamtemea uji kwenye miwani.

Ajabu ilikuwa kliniki. Kila tukienda, muuguzi alimning'iniza kwenye mizani kama mguu wa mbuzi buchani, na kila mara alikuwa ameongeza uzito.

"Sista, huyu hali," mama alisema.

Muuguzi akamfinya shavu. "Huyu? Huyu anakula kuliko mimi."

Tukarudi nyumbani mama akiamini mizani imeharibika.

Wakati huo mtoto alikuwa anatambaa, tena mbio. Ploti haikuwa na ua, na kando yake palikuwa na shimo la choo lililochimbwa likaachwa wazi. Nyanya alipenda usingizi wake wa mchana, kwa hivyo alifunga ncha moja ya leso kwenye mguu wake na nyingine kwenye kaptura ya mtoto. "Akivuta, nitaamka," alituambia.

Mchana mmoja mama alirudi kutoka sokoni akamkuta nyanya anakoroma mlangoni. Leso ilikuwa imefungwa vizuri kabisa. Upande wa pili palikuwa na kaptura, tupu.

Mama alikimbilia shimoni moja kwa moja. Mvua ilikuwa imenyesha, na ndani kulikuwa na maji ya rangi ya chai. Alipiga magoti, akachukua ufito, akaanza kukoroga maji huku akiita. Nyanya alisimama nyuma yake, leso ikiburutika mguuni. Mimi nilishikilia sketi ya mama kwa mikono miwili ili asiingie.

Mama wa duka, jirani yetu kutoka Wajir, akatokea nyuma ya duka lake akauliza tumepoteza nini.

"Mtoto," mama akasema.

"Mtoto gani? Si huyo yuko kwangu anakula."

Tulimkuta mkekani, uchi kuanzia kiunoni, katikati ya watoto wa nyumba hiyo, mikono yote miwili kwenye sinia. Mkate wao mwembamba wa anjera, uliolowa chai, ulikuwa umemjaa mashavuni. Alituangalia kama watu waliokuja kumnyang'anya.

"Kwani si wewe unamtuma?" mama wa duka akauliza. "Kila siku anakuja saa ya chakula. Akishiba, msichana wangu anamrudisha hapo kwa mama mzee."

Nyanya akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kweli, mara nyingi aliamka akamkuta hana kaptura, akafikiri ni joto.

Mama aliketi kwenye mkeka bila kukaribishwa, akamshika mtoto mguu, akalia, kisha katikati ya kulia akaanza kucheka. Jirani akamwekea chai.

"Huko kwenu mnamwangalia mdomo sana," akamwambia. "Hapa hakuna mtu ako na hiyo nafasi. Akichelewa, wenzake wanamaliza."

Jioni hiyo baba na mwenye duka wakafunika shimo kwa mabati na mawe. Kuanzia kesho yake uji wa wimbi ulipelekwa kwenye mkeka ule, na mtoto akaunywa kama ni wa jirani. Nyanya alinuna siku kadhaa. Kisha akaanza kumsindikiza, eti asianguke, na akawa anarudi ananukia iliki.

Watoto wa huko sasa wanakulia nyuma ya milango iliyofungwa. Wako salama zaidi, na nikikumbuka lile shimo siwezi kumlaumu mtu. Lakini sijui ni nani huko angemlisha mtoto wa jirani kwa miezi bila hata kuuliza.

Ile familia ilihama kabla yetu, ikaenda kufungua duka Kisaju. Siku iliyofuata ndugu yangu, ambaye sasa alikuwa anatembea, alifika pale saa ya chakula akaupiga mlango kwa kiganja. Hakulia, alingoja tu. Mama alitoka kwenda kumchukua, lakini alipofika naye alisimama kando yake, wakautazama mlango pamoja, na hakumharakisha.