Injinia na Barua Zinazojibiwa

Injinia alianza kwangu akiwa mteja, tena mteja sugu. Kila asubuhi, kabla sijamaliza kufagia, alikuwa mlangoni na flashi yake mkononi: nakala tano za barua ya kuomba kazi, nakala tano za cheti, bahasha tano za kaki. Mimi ni mwenye duka la stesheneri na sina ugomvi na mtu anayeniletea hela, lakini siku moja roho ilinisuta. Nikamwambia, "Kijana, kwa hesabu yangu umeshaninunulia mashine nzima ya kulaminesha. Kaa hapa uchape barua za watu, angalau zako utazitoa bure."

Alinuna. Alikuwa amesomea uhandisi wa maji miaka minne, akafanya kazi kwenye kampuni moja miezi minane, mradi ukaisha, wakamshika mkono wakamwambia asante. Leo mwanamke asiyejua tofauti ya bomba na mrija anamwita akachape barua! Alitoka amenuna hivyo hivyo mpaka kwenye ngazi, akasimama, akarudi.

"Naanza lini?"

"Jana," nikamwambia.

Sitaki kumsifia sana, maana atasoma haya na kichwa kitavimba, lakini yule kijana ana mkono. Mteja akikaa pale kwenye kiti cha plastiki na kuanza "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari," Injinia anamkatiza. Anasema kwenye barua kila mtu ni mchapakazi, hata wezi. Anataka kitu kimoja tu ambacho mtu amekifanya kwa mikono yake. Nakumbuka mpishi mmoja, mama mnene mwenye aibu.

"Mama, umefanya nini hasa?"

"Napika tu, mwanangu."

"Umepikia watu wangapi kwa mara moja?"

"Mia mbili. Na gesi ikaisha katikati."

"Ikawaje?"

"Tukavunja kabati bovu la stoo, tukakoka moto. Wakala kwa wakati."

Injinia akapiga meza. "Hiyo ndiyo barua!"

Mpishi akapata kazi. Dereva mmoja naye akapata, mlinzi akapata, dada mmoja wa mapokezi akapata. Ikavuma kwamba kwetu barua zinajibiwa. Zilizokuwa hazijibiwi ni za Injinia mwenyewe, na sikushangaa, kwa sababu niliwahi kuisoma moja. Ilikuwa imejaa ari na bidii kuliko hotuba ya mgeni rasmi.

Shida iliyokuwa inamnyima usingizi ilikuwa deni la masomo. Alisoma kwa mkopo, na aliyemdhamini ni shangazi yake, mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye ndiye pekee katika ukoo mzima aliyekuwa na hati ya mshahara. Sasa barua ilikuwa imeletwa: asipoanza kulipa kabla ya mwisho wa mwezi, makato yataanzia kwa mdhamini. Na shangazi mwenyewe alikuwa amebakiza miezi michache astaafu.

Dawa ilikuwepo, tena nyepesi. Ilikuwa fomu ya kuomba kulipa kidogo kidogo. Unajaza jina, unajaza kiasi unachoweza, unajaza kazi unayofanya, mwajiri anagonga muhuri, basi. Injinia alikaa na ile fomu kwenye mkoba wiki tano. Nilipomuuliza, aliniambia, "Pale kwenye kazi niandike nini? Mpiga fotokopi?"

"Andika hivyo. Kuna ubaya gani?"

"Bosi, shangazi aliweka sahihi yake kwa mhandisi."

Hapo ndipo nilipotaka kumpiga na stepla. Lakini nitasema nini, na mimi nilikuwa mshirika wake katika uongo? Shangazi alikuwa amepewa habari kwamba mtoto yuko "ofisi ya nyaraka". Akipiga simu, Injinia anasema yuko kwenye kikao, huku fotokopi inanguruma nyuma yake. Siku moja alinikonyeza akiwa kwenye simu, nami, Mungu anisamehe, nikapaza sauti: "Injinia! Mkurugenzi anakusubiri!" Tulicheka siku nzima.

Basi Alhamisi moja, siku nne kabla ya mwezi kwisha, Injinia alikuwa anatoa karatasi iliyokwama kwenye mashine. Akainua kichwa, akatazama nje kupitia kioo, akadondoka. Nilidhani amezimia. Kumbe amechuchumaa nyuma ya fotokopi, kidole mdomoni, ananiomba ninyamaze.

Akaingia mama mwembamba, miwani imefungwa kamba, mkoba wa ngozi kwapani. Akaniamkia vizuri, akasema ametoka ofisi ya elimu kufuatilia mambo yake ya kustaafu. Nikajua ndiye shangazi.

"Nimeambiwa hapa kuna kijana anaandika barua zinazojibiwa."

"Ametoka kidogo," nikasema.

"Nitamsubiri." Akakaa.

Ndugu zangu, dakika kumi ni nyingi. Mama ametulia, mimi napanga kalamu ambazo zimeshapangwa, nyuma ya mashine mtu mzima amejikunja. Mwishowe mama akatazama saa. "Basi niandikie wewe."

Mimi nachapa kwa vidole viwili, na shangazi wa watu alisimama nyuma yangu akinisahihisha mkato na nukta kama niko darasa la kwanza. Barua ilikwenda kwa watu wa mkopo. Alisema yeye ni mdhamini, anaomba makato yaanze kwake mwezi huu huu, kijana wake asisumbuliwe. "Andika kwamba ndiyo kwanza ameanza kazi ofisini. Mtu akianza kazi ya ofisini anahitaji viatu, anahitaji mashati. Wamwache ajipange."

Nikauliza swali ambalo Injinia angeuliza, "Na wewe mama utabaki na nini? Watataka kujua."

"Andika kwamba nyumba yangu imeshakamilika, sina matumizi makubwa."

"Imekamilika kweli?"

Akashusha sauti. "Haijaezekwa. Nakaa nyumba ya shule, na nikistaafu wanaitaka. Hela ya bati ndiyo hiyo itakayokatwa. Lakini hayo usiandike. Hata mwanangu nimemwambia nilishahamia, asije akanihurumia akashindwa kazi."

Nilitegemea kijana apige chafya, kama kwenye vichekesho. Hakupiga. Alisimama mwenyewe, taratibu, pua yote nyeusi kwa wino wa mashine.

"Shangazi, usiweke sahihi."

Mama akamtazama kuanzia pua mpaka viatu. Hakushtuka hata kidogo. Nadhani miaka thelathini ya darasa la kwanza huondoa mshtuko wote mwilini.

"Kikao kimeisha?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba." Akanigeukia. "Na wewe sauti yako naijua. Wewe ndiye unayeita watu kwa mkurugenzi."

"Ndiye mimi, mwalimu," nikasema, nikainamisha kichwa. Nina miaka hamsini na moja.

Injinia akaanza kueleza, na alipoanza hakuweza kuacha. Mradi uliisha. Barua mia mbili na kitu, hakuna hata moja iliyojibiwa. Aliona aibu hata kujaza fomu ya kulipa kidogo kidogo. Aliogopa kwamba shangazi angejuta kumdhamini. Na huo uongo wa nyumba nao, je? Yeye kila usiku alijituliza kwa kufikiri kwamba angalau shangazi yuko kwake, chini ya bati lake.

"Na mimi nilijituliza na ofisi yako," shangazi akasema. "Tumedanganyana vizuri. Hiyo fomu waliyokutumia iko wapi?"

Injinia akaitoa kwenye mkoba wake, imekunjamana. Shangazi akainyoosha kwa kiganja juu ya kaunta.

"Soma hapo. Kazi."

"Shangazi..."

"Mimi sikudhamini cheo. Nilidhamini mtoto. Nimeambiwa na watu watatu njiani, watatu, kwamba hapa kuna kijana anaandika barua zinazojibiwa. Sikujua wanamsema mwanangu. Andika kazi yako."

Akaandika: mwandishi wa barua. Kwenye kiasi akaandika kidogo, kile anachokiweza kweli. Nikagonga muhuri wa duka, na kwa kiherehere changu nikaugonga mara mbili. Ile barua niliyoichapa mimi, yenye makosa sita, shangazi aliichana vipande vinne na kuvitia kwenye pipa.

Kisha mwalimu akafungua mkoba. "Nipigie na nakala mbili za fomu, moja ya kwangu. Bei gani?"

"Shangazi, jamani. Wewe nikudai?"

"Hapa unafanya kazi au unacheza?"

"Nafanya kazi."

"Basi nidai."

Akapiga nakala, akataja bei, ile ile ya kila mtu. Mama akaweka noti juu ya kaunta. Injinia akafungua droo atoe chenji, akazishika zile sarafu, na hapo hapo machozi yakamtoka, yakachanganyika na wino, uso mzima ukawa matope. Mimi nilitamani kumkumbatia. Shangazi alimwacha alie, mkono ameukinga vile vile, anasubiri chenji yake.

Mlango ukafunguliwa, akaingia fundi mmoja wa kupaka rangi ameshika cheti kilichokunjwa.

"Futa uso," shangazi akamwambia. "Una mteja."